Bawa la Kekeo

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, kabla ya mababu wa babu zetu, wanyama walikuwa na shule moja, kando ya bwawa. Mwalimu alikuwa Korongo. Yeye maisha yake yote alisimama kimya majini, samaki akipita, chwap! Akashiba. Basi akafundisha alichokijua: kutulia na kunyamaza. Mwenye neno anyooshe bawa au mguu, angoje ruhusa.

Mama Kanga akampeleka kifaranga wake, Kekeo. Ukoo wa kanga mnaujua. Wakiona jani limetikisika tu, kerere-ke-ke! Pori zima linakimbia.

Siku ya kwanza Kekeo akaona nyasi zinacheza. Kerere-ke-ke! Kumbe ni upepo. Mwalimu akamrudisha nyumbani.

"Mama Kanga, mtoto huyu hana adabu."

"Nisamehe, Mwalimu. Nitamnyoosha."

Aliona aibu, jamani. Mtoto wa jirani yake, Mama Swala, ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa kutulia, na mama mtu hakuacha kulisema kila waendapo kunywa maji. Basi Kekeo akifungua mdomo, "Shh." Akikohoa, "Shh. Unataka uwe mjinga kama mimi?"

Kekeo akanyamaza. Akarudi shule, akasifiwa. Hata Chui, akipita kwa mbali, alisema, "Mwalimu, watoto wako wametulia vizuri. Endelea hivyo hivyo." Korongo akafurahi siku nzima.

Lakini Mama Kanga hakutulia. Nyumba ilikuwa kimya, na kimya kile kilimwasha. Akainuka, akakaa, akainuka tena. Asubuhi moja akashindwa, akaenda kuchungulia darasa.

Nyasi zikacheza. Shwaa, shwaa. Upepo haukuwapo.

Kekeo aliona. Akanyoosha bawa. Mwalimu alikuwa amewapa mgongo, anatazama maji. Kekeo akangoja. Nyasi, shwaa. Akalinyoosha zaidi. Akangoja.

Kerere-ke-ke! Mama Kanga alipiga kelele mpaka koo likamuuma. Watoto wakatimka, puu, puu, puu! Mmoja hakutimka. Mtoto wa Swala, wa kwanza kwa kutulia, alitulia. Chui akaondoka naye.

Mama Kanga akamkumbatia mwanawe. "Kekeo, hukumwona?"

"Nilimwona, mama. Nilinyoosha bawa."

Mama Swala akaja, macho makavu. "Mwalimu, nilikupa mtoto umfundishe kuishi."

Korongo akainamisha shingo. "Nilimfundisha kilichonilisha mimi."

Shule haikufungwa. Ila tangu hapo, kila asubuhi kabla ya somo, kila mtoto hutoa mlio wa kwao, na Korongo hukaa chini akajifunza.

Wazazi, nasema nanyi, na watoto msikie. Shule humfinyanga mtoto awe vile wakubwa wanavyotaka. Ulizeni anafinyangwa kwa faida ya nani. Na Chui akiisifu shule yenu, msifurahi.

Hadithi yangu nimeiacha hapo bwawani. Mwenye kelele yake arudi nayo nyumbani.