Kioo Kinachozima na Mkono wa Mama

Sogeeni mbele kidogo, jamaa, na wa mlangoni nao wapate kivuli. Leo sina maneno mengi. Nina mtu mmoja tu wa kuwasimulia, na jina simpi, kwa sababu nikimpa jina kuna mmoja wenu atasema huyo ni shemeji yangu, na hapo mfano utakuwa umeharibika.

Basi palikuwa na fundi wa madirisha ya alumini, mtu wa vipimo. Hakati kipande mpaka apime, apime tena, kisha aandike kwa kalamu kwenye kiganja chake. Kazi yake ilisifiwa mtaani, na yeye mwenyewe alijua kwamba inasifiwa. Huyu bwana alikuwa na mama yake, mtu mzima. Asubuhi moja mama yule alikuwa anachagua mchele jikoni, ungo ukamtoka mkononi. Alipotaka kuuokota, mkono wa kulia haukwenda. Mguu ukafuata, ulimi ukawa mzito. Hospitali wakasema ni kiharusi.

Mguu ulirudi mapema, akawa anajikongoja na fimbo mpaka uani. Maneno nayo yalirudi, ingawa kila neno lilikuwa la kuvutwa. Mkono ndio uliobaki umelala mapajani. Na ninyi mnajua mkono wa kulia ni nini katika nyumba zetu. Mama yule alikataa katakata kula kwa mkono wa kushoto mbele za watu. Akawa analishwa kwa kijiko na binti yake, chumbani, pazia limeshushwa. Mwanamke aliyeishi umri wake wote akikaa kwenye sinia na wajukuu, akiwagawia minofu na kuwakemea wanaochota upande wa wenzao, sasa akisikia sinia linawekwa ukumbini anageuza uso ukutani. Hakutaka hela wala nguo mpya. Alitaka arudi kwenye sinia, basi.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliwaambia jambo moja la kutia moyo na moja la kutisha. La kutia moyo, mkono unaweza kurudi. La kutisha, miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye manufaa makubwa, na ikipita bure, kazi inazidi kuwa ngumu. Akamrushia fundi picha za mazoezi kwenye kishikwambi chake. Msinitazame hivyo, ndiyo, ile tableti, nami ninayo nyumbani. Kila picha ilikuwa na maelezo chini yake. Shika kiwiko cha mgonjwa hivi. Weka kiganja chako ndani ya kiganja chake hivi. Mwambie akubane. Subiri. Kisha nenda picha inayofuata.

Fundi akalichukua jambo lile kwa uzito, hatukatai. Kila siku baada ya swala ya adhuhuri alifunga karakana akaenda kukaa mbele ya mama yake. Kishikwambi alikisimamisha juu ya stuli pembeni ya kitanda. Akashika kiwiko kwa mkono mmoja, akaweka mwingine ndani ya kiganja cha mama, akasema, "Nibane, mama." Akainua macho asome kinachofuata, akakuta kioo kimezima.

Akautoa mkono, akakigusa, kikawaka, akaurudisha. "Haya, nibane." Akasoma mstari mmoja, kioo kikazima tena. Mnakijua kitu hiki. Usipokigusa, kinajua hukitazami, kinajilalia. Siku nzima ya mazoezi ikawa hivyo: mkono kwa mama, mkono kwenye kioo, mkono kwa mama, mkono kwenye kioo.

Mtu wa vipimo hakubali kushindwa kirahisi. Akajaribu kukigusa kwa kiwiko, kikarukia picha za harusi ya mwaka juzi. Akamwita dada yake aje akiguse yeye. Dada huyu ni mjane, ndiye anayekaa na mama, ndiye anayepika na kufua. Akaja na vidole vina maji ya vyombo, kioo kikakataa kabisa kumtambua, akarudi zake jikoni kunakoungua. Mwisho fundi akapata akili. Akakilaza kishikwambi sakafuni, akawa anakigusa kwa dole gumba la mguu, mikono yote miwili imebaki kwa mgonjwa. Ilikuwa njia nzuri, na laiti angeachwa nayo. Lakini mama akakunja uso.

"Mna... Msahafu... humo," akasema.

"Umo, mama, ila sasa hivi nimefungua mazoezi."

"Na wewe... mguu?"

Akautoa mguu. Hata mimi ningeutoa. Kishikwambi kikarudi juu ya stuli, na mkono ukarudia safari zake.

Kila jioni, baada ya magharibi, fundi alimpigia simu kaka yake mkubwa anayefanya kazi mbali. Alipiga akiwa pale pale, amekaa ukingoni mwa kitanda, maana ndipo mtandao unaposhika vizuri. "Mama hajambo, alhamdulillah. Anakula. Mkono bado, kaka. Hauna kitu kabisa. Namwambia anibane, hakuna." Kisha anaagana naye, anaingia kuswali isha, na katika sijda anamwomba Mwenyezi Mungu aurudishe mkono wa mama yake. Aliomba kwa machozi, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Mama alikuwa macho kila simu ilipopigwa. Ulimi ndio uliokuwa mzito, masikio hayakuwa na tatizo lolote.

Siku zikaenda. Bidii ya mama ikaanza kupoa. Mwanzo alikuwa anakunja paji la uso akijikakamua. Sasa alikuwa anautoa mkono tu, kama anayetoa nguo ikafuliwe, na macho anayapeleka dirishani. Dirisha lenyewe alilitengeneza mwanawe.

"Mama, hujitahidi," fundi akamwambia siku moja, na sauti yake haikuwa nzuri. "Mimi nafunga kazi nakuja hapa, wewe hujitahidi."

Dada mtu alikuwa mlangoni na bakuli la uji. "Kaka, mwenzio amekata tamaa."

"Mimi sijakata. Mimi nipo hapa kila siku."

"Naona upo," dada akasema, akaweka uji mezani.

Sasa sikilizeni. Ikatokea waya wa chaji ukakatika, fundi akaenda kwenye kibanda cha simu kununua mwingine. Binti wa pale akachomeka waya kwenye kishikwambi kuujaribu, na kioo kikazima machoni pake.

"Kwani kinazima upesi hivi, baba?"

"Ndivyo kilivyo."

"Ndivyo ulivyokiwekea. Nikuwekee kisizime?"

"Kinaweza kukaa kimewaka tu?"

"Kinakaa mpaka ukizime mwenyewe."

Akabonyeza mara chache, akamrudishia. Mtu aliyezoea kupima kila kitu alikuwa ametaabika muda wote ule na jambo la kubonyeza, na hakuwahi kumuuliza mtu. Kwa nini? Nawauliza ninyi, kwa nini hatuulizi? Akalipa, akaondoka kwa haraka kidogo.

Siku ile akakaa mbele ya mama yake kama kawaida. Akashika kiwiko, akaweka kiganja ndani ya kiganja. "Nibane, mama." Mkono wake, kwa mazoea, ukajitoa kwenda kwenye kioo. Ukafika nusu ya njia. Kioo kilikuwa kinawaka. Ukarudi, ukatulia ndani ya kiganja cha mama, na fundi akasoma neno lililoandikwa chini ya picha: subiri. Alikuwa amelisoma kila siku na hakuwahi kulifanya, kwa sababu muda wa kulifanya ndio uliokuwa muda wa kugusa kioo.

Akasubiri, asione kitu. Nje dada yake alikuwa anatwanga kisamvu, akamaliza, akakung'uta mchi. Bado hakuona kitu. Fundi akawaza moyoni kwamba ni yale yale, na jioni atamwambia kaka yake yale yale. Ndipo kidole cha shahada cha mama kikajikunja. Kikafuata cha kati. Vikashuka taratibu, vikashika dole gumba lake, vikabana. Nguvu ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa nguvu, na ilikuwa yake.

"Mama, umenibana."

"Ehe."

"Alhamdulillah. Mkono umerudi. Leo umerudi, mama."

Mama akatikisa kichwa. Maneno yakachukua muda wake, na safari hii fundi aliyangoja. "Si leo. Tangu... siku za mwanzo. Unakuja... polepole. Nikianza kukubana tu, wewe... ushautoa wako."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nilidhani... umeusikia. Nikaona... haukutoshi. Ukamwambia kaka yako... hauna kitu. Nikasema basi. Nisimchoshe mtoto."

Fundi akainama. Alilia pale, kifua kikimpanda na kushuka, na mkono wake hakuutoa hata kujifuta. Alipoweza kusema aliuliza jambo moja tu. "Na leo kwa nini umenibana?"

"Leo... hukuutoa," mama akasema.

Ndugu zangu, najua mnachongoja. Mnangoja niseme kishikwambi ni kibaya, tukivunje, twende zetu nyumbani tumeridhika. Sisemi hivyo. Kishikwambi hakikufanya kosa. Kilitaka kuguswa kikaguswa, na kilipoambiwa kisizime kikatii mara moja. Mimi nazungumzia mkono.

Mtaniuliza, mkono wa mama ulipona? Ulipona kiasi. Alirudi kwenye sinia, anachukua tonge kwa vidole vitatu. Vidole viwili vya mwisho havijafunguka mpaka leo. Je, vingefunguka kama zile siku za mwanzo zisingepotea? Mtaalamu alisema hawezi kujua. Fundi naye hawezi kujua, na kila wanapokula pamoja anaviona.

Sasa tuje kwetu sisi. Wangapi humu tuna mtu nyumbani anayejibu polepole? Unaye mtoto mwenye kigugumizi, na kila akianza neno unammalizia wewe. Unaye baba aliyezeeka, unamuuliza anataka nini, na kabla hajakumbuka umeshatoka chumbani. Unaye mke ambaye jana alivuta pumzi aseme jambo, mfukoni kikalia kitu, ukakitazama, na ulipoinua uso akasema, "Basi, si kitu." Wewe ukaamini kwamba si kitu. Vitu vyetu tunavigusa visizime, tena kwa bidii. Watu wetu tunawaachia katikati.

Na hilo bado si kosa kubwa. Kosa kubwa la fundi lilikuwa ile simu ya jioni. Mkono kuutoa mapema ni haraka, na haraka tunayo sote. Lakini yeye alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake akamtolea hukumu, naye anasikia: hauna kitu. Ile ndiyo iliyomtoa mama nguvu. Sisi nasi tunazo hukumu zetu, tunazitoa kwa jirani, kwa shangazi, kwenye kundi la familia la simu. Huyu mtoto kichwani hamna. Huyu mzee hana tena habari. Huyu mume nimemuombea mpaka nimechoka, habadiliki. Tunayasema na mwenyewe yupo chumba cha pili, naye alikuwa ameanza kujibu.

Na msisahau kwamba yule bwana alikuwa anaomba dua. Kila usiku katika sijda anaomba mkono wa mama urudi, na kila mchana mkono unarudi, unafika, haumkuti. Unaomba upewe, ukiletewa umeondoka, halafu unanung'unika kwamba hukujibiwa. Hebu tujitazame hapo, mimi nikiwa wa kwanza.

Nimemaliza. Tukitoka hapa tutapeana mikono, kama desturi yetu, ile ya kugusana ncha za vidole huku macho yanatafuta viatu. Leo shika mkono wa aliye kando yako, mzee au kijana, na usiwe wewe wa kwanza kuuachia. Kama wote wawili mmenisikia, mtakawia kidogo. Kawieni.