Mbuzi Mia Mbili wa Zefania

Paukwa!
Pakawa!
Aa, hiyo pakawa imelala njaa? Paukwa!
Pakawa!
Naam, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, barua zilipokuwa zikisafiri miezi mitatu na kufika zimechakaa, palikuwa na kijiji, na kijijini kanisa la nyasi, na kanisani mwanamke mmoja aitwaye Mama Zefania. Mwanawe wa pekee alikuwa ametumwa ng'ambo, nchi ya baridi, kuhubiri Injili. Msishangae! Wao walituletea wamisionari, nasi tukawapelekea Zefania. Mama yake alimfungia shuka moja na kuku wa kuchoma, akalia siku saba.

Kila Jumapili kanisa zima lilimwombea. Aliyeongoza maombi ni Mzee Obadia, mwenye sauti ya kuangusha vibuyu ukutani. Na desturi ya kijiji kile ilikuwa hii: umpendaye, mwombee unachokitamani wewe. Kumuuliza anataka nini ni utovu wa adabu. Basi Mzee Obadia akapanda kigoda, akanguruma:

"Bwana! Mpe Zefania mvua!"
"Mpe!" Makofi pa! pa! pa!
"Bwana! Mpe mbuzi!"
"Mpe!" Pa! pa! pa!
"Na wazae pacha!"
"Pacha! Pacha!" Pa! pa! pa!

Mama Zefania alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Barua ikaja. Mzee Obadia ndiye aliyekuwa na miwani, akaisoma.

"Wapendwa, salamu. Mvua imenyesha siku arobaini bila kupumua. Kitanda changu kinaelea. Mbuzi kumi na wawili wametokea chumbani, sijui wamepitia wapi. Wote wamezaa pacha. Mmoja amezalia ndani ya kofia yangu. Nawasihi, acheni."

"Haleluya!" kanisa likalipuka. "Yamejibiwa!"

"Lakini amesema tuache," akasema Mama Zefania.

"Huo ni unyenyekevu, mama," akajibu Mzee Obadia. "Tuongeze!"

Wakaongeza. Mvua, pa! pa! pa! Mbuzi, pa! pa! pa! Na kwa kuwa mwaka ule nyani walikuwa wamemaliza mahindi ya kijiji, wakamwombea Zefania mbwa wakali wa kufukuza nyani. Pa! pa! pa!

Barua ya pili ikaja, imelowa.

"Mbuzi sasa ni mia mbili. Mbwa wamefika. Huku hakuna nyani, kwa hiyo wanamfukuza mkuu wa mji. Amesema akiongezeka mbuzi mmoja tu, atanitia mashuani pamoja na kundi lote, atusukume baharini bila kasia. Na tangu nije, hajabisha hodi mtu mlangoni kwangu."

"Haleluya!" wakasema, ingawa safari hii wengine walisema kwa sauti ndogo.

Mama Zefania hakungoja amina. Miguu mbio, puu! puu! puu! mpaka kwa Bibi Perusi. Huyu Bibi Perusi, wanangu, ndiye mkongwe tunayemkumbuka hadi leo. Ndiye aliyemaliza ugomvi wa mpaka wa shamba kwa kuwalaza wagomvi wote wawili juu ya mpaka wenyewe, mmoja kichwa huku, mwenzake kichwa kule, hadi wakachoka kunusana miguu wakapatana. Mama Zefania alimkuta anapepeta maharage.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Bibi, wananiulia mtoto kwa maombi!"

Bibi akasikiliza yote. Akaweka ungo chini. "Waambie Jumapili tunaomba mtoni, ndani ya maji, asubuhi na mapema. Na njiani asisalimiane mtu na mtu. Atakayesalimu, arudi kwake."

Ulikuwa msimu wa kipupwe. Watu wakashuka mtoni kimya. Mtu alikutana na nduguye tumbo moja, akajiziba mdomo kwa kiganja. Mzee Obadia alimwona mkwewe kwa mbali, akaingia kichakani kwa aibu ya kumpita bila salamu. Wakatumbukia majini, chubwi! chubwi! mpaka kifuani. Meno yakaanza, ka-ka-ka-ka-ka!

Bibi Perusi akakaa ukingoni na mablanketi mawili. "Omba," akasema.

"B-b-bwana," akaanza Mzee Obadia, "mpe Zefania m-m-mvu..."

Akayatazama maji. Akawatazama watu ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwambia habari za asubuhi. Machozi yakamtoka.

"Bwana, mpe moto. Mpe blanketi. Mpe mtu wa kumsalimu."

"Na mbuzi?" akalia Mama Zefania.

"Wapatie walaji," akasema Bibi kutoka ukingoni. "Amina. Tokeni, mtakufa."

Miezi ikapita. Mama Zefania hakula akashiba hata siku moja. Kisha barua ya tatu.

"Mvua imekoma. Juzi mlango wangu ukagongwa. Alikuwa jirani, mjane mzee, amekuja kunigombeza kwa kuwa mbuzi wamekula mapazia yake. Nikamkaribisha. Akala mchuzi wa mbuzi bakuli tatu, akalia, akasema tangu afiwe na mumewe hajakaribishwa na mtu. Kesho yake akaja na kuni, blanketi, na majirani wenye mabakuli. Mkuu wa mji naye akaja, suruali ina viraka. Mbuzi wamebaki wanne. Siku hizi yule mjane namwita mama. Anaumwa goti. Mwombeeni."

Mama Zefania aliona wivu, tusifichane. Mwingine anaitwa mama! Ulimchoma hasa. Kisha akamfikiria mwanawe ameketi na mtu, wanakula. Akasimama.

"Tumwombee mama mwenzangu," akasema.

Mzee Obadia akavuta pumzi, kifua kikajaa. "Bwana! Lile goti..."

"Ngoja!" Mama Zefania akanguruma kumshinda. "Goti lipi? La kulia au la kushoto?"

Hakuna aliyejua.

Mzee Obadia akavaa miwani yake polepole. "Leteni kalamu," akasema. "Tumuulize kwanza."

Kuuliza si ujinga, wanangu, na umpendaye huwezi kumpenda kwa kubahatisha. Hadithi yangu imekomea papo hapo. Mwenye jambo la kuombewa na alitaje vizuri.