Kakakuona na Kiti cha Wagonga Ghala

Paukwa!

Hee! Ndiyo sauti hiyo? Mmekula au hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Na wakubwa nao wasogee, maana ngano hii si ya watoto peke yao. Wengine mliokaa huko nyuma na vikombe vyenu vya chai, inawahusu kuliko hawa wadogo.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walikuwa na akili ya kuweka akiba. Mvua zikiisha, migunga ikiangusha maganda, kila mnyama aliokota. Alikula kidogo, kidogo akaweka. Aliweka wapi? Ghalani. Ghala la nani? La mwenye ghala. Leo unampelekea kikapu chako, kiangazi unakifuata, naye anajibakizia konzi moja kwa kazi ya kulinda. Hakuna ubaya.

Lakini ghala lina mlango mmoja, na mlango una mwenyewe. Wewe uliye nje utajuaje kama chakula chako bado kimo? Ndiyo maana bonde lile likawa na Wagonga Ghala. Walikuwa watatu. Kazi yao ilikuwa kupita ghala hadi ghala wakigonga ukuta. Ngo! Ngo! Ngo! Ghala lililojaa lina sauti yake, na ghala tupu lina yake. Wakitia shaka, wote watatu wanaufungua mlango, mchana kweupe, kila mtu anaona. Akikosekana mmoja, mlango haufunguliwi.

Basi mmoja akakosekana. Mzee Nungunungu aliugua, akafa. Wakabaki Kobe na Bundi. Wakagonga, wakagonga, lakini kufungua hawakuweza. Nyani, mwenye ghala kubwa kuliko yote, akaja msibani. Akalia. Jicho moja lililia, jingine lilikuwa linacheka.

Mfalme Ndovu akawaza, akawaza. Akamteua Kakakuona.

"Nani?" wanyama wakauliza. "Yule wa magamba? Yule mla mchwa?"

"Huyohuyo," akasema Ndovu. "Hali maganda. Hana kikapu katika ghala la mtu. Atapendelea nini?"

Lakini mfalme kuteua ni jambo moja, na kukikalia kiti ni jingine. Kule bondeni, mfalme alipendekeza tu. Baraza ndilo lililokubali au kukataa. Desturi yao ilikuwa hivi. Mteule anasimama juu ya mwamba, ng'ambo ya kijito. Baraza linakaa ng'ambo hii. Mwenye swali anauliza, mteule anajibu. Maswali yakiisha, anayemkubali anavuka kijito na kusimama upande wake. Asiyemkubali anabaki alipo na miguu yake mikavu. Hakuna cha kusema baadaye, "Mimi nilikukubali moyoni." Umelowa, au hukulowa?

Asubuhi moja kabla ya siku hiyo, Nyani akaenda kwa Kakakuona. Alikuwa mwenye ghala, na pia alikuwa mjumbe wa Baraza. Msiniulize iliwezekanaje. Ndivyo ilivyokuwa.

"Hodi, Mama Kakakuona!"

"Karibu, Mheshimiwa."

Nyani akakaa bila kukaribishwa kiti. "Nimekuja kukupongeza. Kiti ni chako. Wajumbe wengi wananitazama mimi, nikivuka wanavuka."

"Nashukuru, Mheshimiwa."

"Ila mkono mtupu haulambwi, mama. Ukishakaa, ghala langu lipite tu. Lina jina zuri. Usiligongegonge, utalitia nyufa bure."

Nyani akasogea karibu. Akacheka meno yote nje.

"Halafu kuna jambo nalikumbuka. Siku ile kwenye ghala la Ngiri, mimi nilikuwa juu ya mgunga. Nilikuona. Nadhani hungependa Mama Swala asikie."

Kakakuona akajikunja. Kukutu! Akawa mpira. Kichwa ndani, miguu ndani, magamba nje.

Nyani akautazama ule mpira. Methali nyingi zilikuwa zimempita masikioni, lakini moja aliishika vizuri kwa sababu ilimfaa: kunyamaza ni kukubali. Akaupigapiga mpira mgongoni. "Tumeelewana, mama." Akaondoka anapiga mluzi.

Jamani! Kakakuona akijikunja hasemi ndiyo. Hasemi hapana pia. Anaogopa tu, ndivyo alivyoumbwa. Nyani alikaa bondeni miaka yote hiyo na hakulijua hilo, maana hakuwahi kuuliza.

Siku ikafika. Baraza likajaa. Spika alikuwa Korongo, amesimama kwa mguu mmoja, shingo juu. Ng'ambo ya pili, Kakakuona akapanda mwamba. Magamba yake yalikuwa yanatetemeka, kwacha-kwacha-kwacha, mpaka walio nyuma wakasikia.

"Utulivu barazani!" akasema Korongo. "Mwenye swali."

Pundamilia akasimama. Huyu hakuwa mtu wa mtu. Alikuwa na mashaka yake tu.

"Mheshimiwa Spika, nimekitazama kinywa cha mteule. Hana meno. Hata jino moja la dawa hana! Sasa huyu atamuuma nani?"

Kwa! Kwa! Kwa! Baraza zima likaangua kicheko.

Kakakuona akangoja wamalize. "Ni kweli, Mheshimiwa, meno sina. Ngiri alikuwa nayo. Marefu, yanatoka mpaka nje ya mdomo. Aliyatumia kula akiba yenu." Akanyoosha mikono. "Mimi nina kucha hizi. Ni za kufukulia."

"Mmh!" wakaguna. Pundamilia akakaa chini, kicheko kimemkauka.

Hapo Nyani akasimama, mtamu huyo, mtamu kuliko asali. Akaweka mkono kifuani.

"Mheshimiwa Spika, mimi sina shaka na mama huyu. Namfahamu. Ni mpole, ni msikivu. Nina swali dogo tu, la heshima. Je, Mama Kakakuona, utayaheshimu yale maghala ambayo tayari yana jina zuri?"

Akatabasamu. Akamkonyeza. Akangoja jibu lake.

Kakakuona akatazama chini. Kwacha-kwacha. Akatazama juu.

"Nitagonga maghala yote, Mheshimiwa. Na nitaanza na lako. Ndilo kubwa. Likianguka litaangukia wengi."

Loo! Tabasamu la Nyani likaanguka puu! Akaruka juu kwa juu.

"Taarifa, Mheshimiwa Spika! Taarifa! Mnamjua mnayemsikiliza? Mwulizeni habari za ghala la Ngiri! Alikuwa pale! Nilimwona mimi, nikiwa juu ya mgunga! Aligonga ukuta, akasikia ghala ni tupu, na hakumwambia mtu! Mwulizeni kama nasema uongo!"

Baraza zima likageuka kumtazama Kakakuona.

Sasa niwaambie, maana nyinyi hamkuwapo. Ghala la Ngiri ndilo donda la bonde lile, tangu kabla hakujawa na Wagonga Ghala. Ngiri alikuwa amekula akiba ya watu, akatandaza maganda juu, chini akajaza makapi. Kiangazi kikaja, watu wakaja na vikapu, Ngiri hayupo. Njaa iliyofuata haisimuliwi mbele ya watoto. Mama Swala alimzika mwanawe, kitoto ambacho miguu yake ilikuwa haijaacha kutetemeka.

Na Mama Swala alikuwa hapo. Alikuwa mjumbe. Akasimama polepole.

Sauti ikatoka nyuma: "Na wewe Nyani uliyemwona ukiwa juu ya mgunga, ulimwambia nani?" Nyani akakohoa. Nyani haoni kundule, watoto, na siku ile hakuliona kabisa.

Lakini Mama Swala hakumgeukia Nyani. Alikuwa anatazama ng'ambo.

"Dada," akasema. Hakusema Mheshimiwa, wala mteule. "Ni kweli?"

Angeweza kukana. Ngiri alishatoroka. Neno la Nyani lilikuwa neno la Nyani. Angesema hapana, na mambo yangeisha.

"Ni kweli," akasema Kakakuona. "Nilikwenda kula mchwa kwenye nguzo zake. Nikagonga, nikasikia tupu. Nikamwuliza Ngiri. Akanionyesha meno. Nikajikunja. Alipoondoka nikaenda nyumbani, na sikusema. Si kwako, si kwa mtu."

"Ungesema, tungeokota mapema."

"Mngeokota mapema."

"Mwanangu angekula."

"Angekula, dada."

Hata maji ya kijito mngesema yamesimama. Mimi hapa huwa nashindwa, kila nikisimulia. Ngoja ninywe maji.

Mama Swala akasema, "Sasa unataka kiti hicho ili iwe nini? Kesho mwenye ghala atakuonyesha meno. Utajikunja tena."

"Nitajikunja," akasema Kakakuona. "Sikudanganyi. Siwezi kukuahidi kwamba sitaogopa, maana nitaogopa. Hata sasa naogopa. Ninaloahidi ni moja. Nitasema kwanza. Nikishasema, ndipo nijikunje."

"Maneno," akasema Mama Swala. "Ngiri naye alikuwa na maneno." Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini sauti haikutetemeka. "Kama una la kusema, liseme leo. Mbele ya mwenye ghala mwenyewe."

Kakakuona akamtazama Nyani. Nyani akamtazama Kakakuona. Nyani akafunua meno yake, yale makubwa ya pembeni, akanguruma. Manyoya ya shingo yakasimama. Na mimi nawaambia, ningekuwa mimi pale juu ya mwamba, ningekuwa nimeshafika kwetu.

"Mheshimiwa Spika," akaanza Kakakuona.

"Nyamaza!" akabweka Nyani.

"Nguzo za ghala la Mheshimiwa Nyani zina mchwa, na mimi nakula mchwa. Nimeligonga."

"Nyamaza nasema!" Nyani akakimbia ukingoni.

"Juu linalia kama limejaa. Katikati linalia tupu."

Nyani akaruka! Akapaa juu ya maji. Wanyama wakapiga kelele. Na yule mama, anamwona anavyokuja, meno mbele, hakujikunja. Alikuwa hajamaliza.

"Chini pia ni tupu. Msilale. Nendeni mkaangalie."

Kukutu!

Sasa ndipo akajikunja. Nyani akamwangukia. Akauma, kwacha! Akavuta, akapinda, akagongesha mwambani. Mpira haukufunguka. Akauma tena, akashika taya lake mwenyewe, "Aii! Aii!" Jino limechomoka.

Korongo akashusha mguu wake wa pili. Akasafisha koo.

"Waheshimiwa, desturi ni desturi. Aliyevuka kijito amekubali. Mheshimiwa Nyani, kura yako ya ndiyo imepokelewa, nayo ndiyo ya kwanza. Baraza linakushukuru."

Kicheko kile! Kiboko alilala chini. Pundamilia alijishika mbavu. Nyani akabaki pale ng'ambo, mkono mdomoni, hajui arudi au akae.

Lakini kicheko kilipoisha, hakuna aliyeinua mguu. Walikuwa wanamtazama Mama Swala. Aliyefiwa ndiye mwenye haki ya kukataa, na kama angebaki, wote wangebaki. Mfalme Ndovu mwenyewe alikuwa amebana pumzi.

Mama Swala akatazama maji. Akatazama ule mpira wa magamba juu ya mwamba, unatetemeka, kwacha-kwacha-kwacha.

Kisha akatia mguu majini. Chubwi.

Kakakuona hakuona kitu. Alikuwa gizani, ndani ya tumbo lake mwenyewe. Alisikia maji yanachafuka, chubwi, chubwi, chubwi. Alisikia vishindo vinakuja. Akasema moyoni, wanakuja kunitupa nje ya bonde, na wana haki. Vishindo vikasimama. Akafunua jicho moja.

Akaona kwato zimelowa. Kwato za kila namna, zimejaa kuuzunguka mwamba mpaka hakuna nafasi. Na zilizo karibu kuliko zote zilikuwa nyembamba, nyeusi, zinatiririka maji.

"Bado nina hasira na wewe," akasema Mama Swala. "Nitakuwa nayo kesho pia. Sasa inuka, dada. Kazi inakungoja."

Akainuka. Alasiri ileile Wagonga Ghala watatu wakaenda kwa Nyani, na bonde zima nyuma yao. Ngo! Ngo! Ngo! Mlango ukafunguliwa. Maganda juu, makapi katikati, makapi chini. Lakini migunga ilikuwa bado inaangusha. Wakamsimamia Nyani, akaokota mchana kutwa, yeye na jamaa zake, mpaka viganja vikachubuka. Wengine wote nao wakaokota. Ghala likajaa kweli.

Kiangazi kikaja, tena kikali kuliko kile cha Ngiri. Na bonde zima, mwaka ule, hakuna mama aliyezika mtoto.

Basi shikeni hili, wadogo kwa wakubwa. Woga si aibu, kila kiumbe ana woga wake. Aibu ni kunyamaza wakati neno lako lingeokoa mtu. Na mkiwa mnachagua wa kuwalindia akiba yenu, mwulizeni maswali magumu mbele ya watu wote, na msitafute asiyeogopa, maana huyo hayupo. Mtafuteni anayesema kwanza, ndipo ajikunje.

Ngano yangu imefika ukingoni, mimi sivuki zaidi ya hapa. Aliyesikia amesikia, na aliyesinzia atamwuliza jirani yake.