Mkuki Uliomganda Mwanamkasi

Paukwa! Nyie wa nyuma, mmeshalala? Paukwa!

Sultani aliwapa watu wa mpakani kazi mbili: wamjengee ukuta, na wamzuilie mazimwi. Zamu ikafika nyumbani kwa Mwanamkasi, mjane. Akapewa mkuki wa uchawi, ukamganda kiganjani. Haungebanduka mpaka zimwi ageuze mgongo.

Miaka saba akajenga kwa mkono mmoja, na miaka saba zimwi yule yule, rungu mkononi, akamkodolea macho kutoka ng'ambo.

"We zimwi, huchoki?"

"Nimechoka zamani, mama! Rungu la mfalme wetu limeniganda. Halibanduki mpaka binadamu ageuze mgongo."

Mwanamkasi akacheka hadi machozi. "Basi tugeuke pamoja. Moja, mbili, tatu!"

Hakugeuka mtu.

"Mwongo!" akasema zimwi.

"Na wewe je?"

Wakahesabu tena. Safari hii kila mmoja akageuza shingo tu, jicho likabaki kwa mwenzake.

Mara ya tatu Mwanamkasi akakikumbuka kitanda chake. "Liwalo na liwe," akasema. "Moja, mbili, tatu!" Akageuka mzima mzima.

Mkuki ukadondoka. Nyuma yake, puu! Nywele zikamsimama. Kumbe ni rungu, limeanguka. Kisha akasikia miguu mizito ikikimbia, ti! ti! ti!, ikienda mbali, mbali zaidi, kama ya mtu anayewahi chakula kwao.

Mwanamkasi akakunjua vidole, kimoja kimoja, akashika njia ya nyumbani.

Ukuta ule haujaisha mpaka leo. Nani arudi kuumalizia?