Masinia Saba ya Halua

Hapo zamani, enzi ambazo masultani walikuwa wengi kuliko watu wa kuwapenda, palikuwa na fundi mmoja jina lake Mkame, kazi yake kupaka bati masufuria ya shaba. Alikuwa fukara wa kutupwa. Mali yake yote ilikuwa mvukuto wa kupulizia moto, gunia la makaa na mdomo, na mdomo ndio uliomtia mashakani mara nyingi.

Siku moja akaingia karakanani mwake mjane, Bi Mwanaeshe, analia. Miezi mitatu nyuma, Sultani Shaibu aliitaka nyumba yake apanue banda la farasi, naye akamlipa bangili mbili nene, akamwambia ni dhahabu safi. Mama wa watu akahamia kibandani, akawa anafua nguo za watu huku amezivaa bangili zile. Basi sabuni na maji vikafanya kazi yao, na mkono wake ukawa wa kijani mpaka kwenye kiwiko.

Mkame akaichukua bangili moja, akaikwangua kwa ncha ya msumari. Pakatokea wekundu.

"Mama, nisikilize," akasema. "Sonara akichanganya shaba kidogo na dhahabu, hiyo ni dhahabu bado, tena huwa ngumu zaidi. Hii haikuchanganywa. Hii ni shaba iliyovishwa dhahabu nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Mimi kila siku napaka bati juu ya shaba, nitashindwaje kuijua kazi ya mwenzangu?"

"Ee Mungu wangu! Nyumba ya marehemu mume wangu imekwenda kwa shaba!"

Mkame akapandwa na hasira, akamshika mkono, wakenda moja kwa moja barazani kwa Sultani. Na desturi ya baraza lile ilikuwa hivi: kila neno atakalotamka Sultani mbele ya watu, Kadhi huliandika, na likishaandikwa ni sheria, halifutwi. Sultani mwenyewe ndiye aliyeiweka desturi hiyo, kwa jinsi alivyoipenda sauti yake.

Mkame akaonyesha pale alipokwangua kwa msumari. Sultani akazitazama bangili, akacheka mpaka kitambi kikatikisika.

"Ewe mpaka masufuria, kitu hujulikana kwa uso wake. Uso wa bangili hizi ulikuwa dhahabu siku niliyozitoa. Basi nilitoa dhahabu. Kadhi, andika!"

Kadhi akaandika.

"Na kwa kuwa umeitukana dhahabu yangu," akaendelea, "Ijumaa baada ya swala nina wageni, matajiri waja kumposa binti yangu. Utaniletea masinia saba ya halua, yamejaa pomoni. Usipoleta, nitakukata ulimi, na huyu mama atatoka mjini kwa miguu yake."

Mkame akainama. "Nimesikia na kutii, Maulana. Nayo halua itahukumiwa kwa sheria hiyo hiyo?"

"Kwa sheria hiyo hiyo. Kadhi, andika!"

Basi Mkame akatoka, akauza mvukuto wake, na kwa thamani yake akapata bakuli moja tu la halua. Bi Mwanaeshe akashika kichwa.

"Mwanangu, umerogwa? Bakuli moja kwa masinia saba? Watakukata ulimi huo, nami nimekuponza!"

"Mama, wewe niazimie masinia, kisha unisaidie kukanda udongo."

Wakakanda udongo wa mfinyanzi, wakaujaza kwenye masinia saba, wakaulainisha vizuri. Mkame akaipasha moto halua, akaipaka juu kwa ule mkono wake wa kupaka bati, nyembamba, sawasawa, bila tundu. Akanyunyiza lozi. Wallahi, ukiyaona ungemeza mate.

Ijumaa ikafika. Mkame na Bi Mwanaeshe wakayatua masinia mbele ya wageni, wote wakasema mashallah. Sultani, ambaye hakuwahi kumsubiri mgeni katika jambo la kula, akachota kwa vidole vyote vitano, akajaza kinywa, akatafuna. Meno yakalia kwaru.

"Thuu! Udongo! Mwanaharamu wee, umenilisha udongo!"

"Maulana," akasema Mkame kwa upole, "tazama uso wake. Uso ni halua."

"Uso ni wa nini, mpumbavu? Kilichopakwa juu ni hila tu! Kitu ni kile kilichomo ndani!"

Ikasikika kalamu ya Kadhi ikikwaruza karatasi.

"Umeandika, Kadhi?" Mkame akauliza.

"Nimeandika," akajibu Kadhi, hakuinua macho, kisha akawasomea wote hukumu zote mbili: ya bangili zilizolipia nyumba ya Bi Mwanaeshe, na hii ya halua.

Mkubwa wa wageni akajikohoza. "Maulana, sisi tu wageni, hatujui mambo ya hapa. Ila naona njia ni mbili: ama uyamalize masinia haya saba na kuyasifu utamu, ama huyu mama arudi nyumbani kwake."

Sultani akayatazama masinia. Akamtazama mgeni. Udongo ungali katika ndevu.

"Farasi watolewe," akasema kwa sauti ndogo. "Na huyu mwendawazimu anunuliwe mvukuto mpya."

Kadhi akaandika hayo nayo. Bi Mwanaeshe akapiga kigelegele pale pale barazani, akatoka mbio kwenda kufagia samadi ya farasi katika nyumba yake. Sultani akajilazimisha kucheka, wageni wakacheka naye kwa adabu. Lakini kicheko hakikudumu, kwani nyuma ya pazia, walikoketi wake zake wanne, kulisikika bangili zikivuliwa moja moja, na kila mmoja akiuliza nani ana msumari.