Rangi ya Kijani Mtaroni

Wa pale nyuma mnanisikia? Basi sogeeni mbele, maana habari hii ina harufu kidogo.

Palikuwa na mhandisi mmoja, profesa wa chuo kikuu, ambaye maisha yake yote aliyamalizia kwenye mitaro ya maji ya mvua. Wengine husomea magonjwa, wengine husomea sheria. Yeye alisomea maji ya mjini yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Mafuriko yakiingia kwenye nyumba za watu, wakubwa humtafuta yeye. Na miaka yote hiyo, kila alipochunguza mtaro ulioharibika, alikuta mkono wa mtu: huyu kaujaza takataka, yule kajenga ukuta juu yake. Mwishowe akawa hamwamini binadamu yeyote anayeishi karibu na mtaro.

Sasa, mtaani kwake mwenyewe, kila mvua iliponyesha mtaro ulinuka choo. Mchezo wenyewe mnaujua, msijifanye wageni. Mvua ikishika kasi, mtu anatoboa shimo la choo chake, uchafu unaondoka na maji, naye anarudi ndani kama hakufanya kitu. Kutapisha choo. Watoto wa mtaa ule wakaanza kuharisha, mmoja akalazwa, na mhandisi akaapa kwamba safari hii lazima amshike mtu.

Mvua ikianza tu, yuko dirishani. Mzee mstaafu wa nyumba ya pili akitoka na jembe kuzibua njia ya maji, mhandisi anasema moyoni, "Ahaa." Asipotoka, anasema, "Mbona leo hatoki?" Jamani, mtu wa namna hiyo utamridhisha kwa lipi?

Lakini aliyemshuku kuliko wote ni mama lishe mmoja, mjane, aliyepika supu kwenye genge lake pembeni ya mtaro, na kwa genge hilo akawalea wanawe. Kosa lake? Mhandisi hakuwahi kuona gari la kunyonya majitaka likisimama kwake. Tena mama yule alikuwa mtu wa kucheka sana. Mtu anachekaje hivyo mbele ya mtaro unaonuka?

Akamwendea mwenyekiti wa mtaa. "Mwenyekiti, nipe ruhusa nimwage rangi kwenye choo cha kila nyumba, nyumba moja kwa siku. Rangi haina madhara. Tukiiona mtaroni siku hiyo, mtu wetu ndiye huyo."

"Na tukishampata, Profesa?"

"Kama ni mpangaji, aondoke. Kama ana biashara, ifungwe."

Kazi ikaanza. Kwa mzee mstaafu, rangi haikuonekana mtaroni. Mhandisi akasema mzee kapata habari mapema, kaziba. Nyumba ya tatu, hakuna kitu. Ya nne, vilevile. Akafika kwa mama lishe.

"Karibu, Profesa. Choo kile pale, mwaga mpaka uridhike. Ukimaliza upite unywe supu."

"Ahsante mama, nimeshiba," alijibu, huku akijiuliza ukarimu wote huu ni wa nini. Rangi haikuonekana. Akamwambia mwenyekiti, "Msimwachie. Huenda bomba lake la kwenda mtaroni ni refu, rangi inachelewa kufika."

Kesho yake mvua ikapiga. Mhandisi akasuuza ndoo yake ya rangi bafuni kwake, yale maji akayamwaga chooni, akavuta maji, akakaa kunywa chai. Chai haijaisha, akasikia kelele nje: "Imetoka! Ya kijani! Profesa, njoo uone!"

Alipofika, maji ya kijani yalikuwa yakipita mbele ya genge, na watu walikuwa wameshapindua sufuria la supu. Mwenyekiti ana kufuli mkononi. "Ulisema bomba lake ni refu, na kweli!"

Yule mama hakuwa akicheka tena. "Profesa, mimi nilikukaribisha mwenyewe. Hebu waambie. Hii imetoka kwangu?"

Mhandisi alijua. Nani angejua zaidi yake? Rangi ya jana ilikuwa imeshakwisha habari yake. Hii ilikuwa mpya, na ilikuwa ikitelemka kutoka upande wa juu, upande wa nyumba yake. Ndipo akakumbuka kwamba hata kwake gari la majitaka halijawahi kusimama tangu ahamie, na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Akajikuta amesogea, amepanua miguu kati ya watu na upande ule wa juu, wasije wakageuka kutazama.

"Ndugu zangu," alisema, "mambo ya kitaalamu hayataki haraka. Huenda rangi yenyewe ina hitilafu."

Mmesikia? Imepita kwenye vyoo vya watu, haikuwa na hitilafu. Imefika kwake, imepata hitilafu!

"Sasa genge tulifanyeje?" akauliza mwenyekiti.

Mhandisi akamtazama yule mama, akaitazama supu iliyomwagika. Aliona aibu, tena aibu kali. Kisha akasema, "Lifungeni kwanza. Utafiti uendelee."

Mnaguna. Nawasikia. Lakini nami nilikuwa nawatazama wakati nasimulia. Kuna mtu hapa katikati amemgusa mwenzake kwa kiwiko: "Huyu si fulani kabisa?" Karibu kila mmoja wetu ameshampata mhandisi wake, na aliyempata si yeye mwenyewe.

Wapendwa, sisi shaka tunayo tele, ila yote tunaimalizia kwa majirani. Tukifika kwetu imekwisha. Leo ukirudi nyumbani, anzia kwako. Na ukikuta ni kwako, usiombe muda, wala usiseme rangi ni mbovu. Toka nje watu wangali wamekusanyika, useme, "Ni mimi," mama lishe wa mtaani kwako angali na genge lake.