Hirizi ya Mwalimu Nguchiro

Hapo zamani za kale, wakati Kifaru hajajifunza kusema "sijui", wanyama wa Bonde la Mgunga walikuwa na mchezo wao wa rungu. Mmoja hutupa mpira wa katani, mwingine huupiga kwa rungu, kisha hukimbia kuvizunguka vichuguu vinne mpaka arudi alipoanzia. Mzunguko mmoja ni bao moja; anayeukosa mpira mara tatu hutolewa, na mkimbiaji akitanguliwa na mpira kichuguuni hutolewa pia. Kuueleza ni rahisi, wanangu. Kuucheza ni habari nyingine.

Timu ya watoto wa bondeni ilijaa miili. Dafrau, mtoto wa Kifaru, alikuwa na kifua kama mlango wa ghala. Mashavu, binti Kiboko, akikaa chini, nyasi husahau kusimama tena. Lakini kila kiangazi walifungwa na watoto wa nyani wa ng'ambo ya mto, wenye mikono myembamba kama fito.

Mwalimu wao alikuwa Bi Nguchiro, mdogo kiasi kwamba Kifaru akimtafuta huinama mara mbili. Ukoo wake hupasua mayai kwa kuyatupa kwenye mawe, kwa hiyo kutupa alikujua. Kilichomshinda ni wazazi.

Walipofungwa tena, wazazi wakaunda Kamati ya Ufundi, na ufundi wenyewe, kama mjuavyo, ulikuwa kutafuta mganga. Wakaja hadi kwenye kichuguu alimoishi Nguchiro, gudu, gudu, gudu, vumbi likamwingia sebuleni.

"Mwalimu," alianza Kifaru, "watoto wetu wana vipaji. Hilo halina mjadala."

"Sijalijadili, Baba Dafrau."

"Basi wanafungwaje? Nyani wana dawa. Nasi tunataka dawa."

"Mwanao haukimbilii mpira. Ukimpita, anasubiri umrudie."

"Jua lilimpiga machoni."

"Kulikuwa na mawingu."

"Mawingu nayo yana mwanga wake," alisema Bi Kiboko, mama yake Mashavu.

Kifaru akainamisha pembe hadi ikakwangua paa la kichuguu. "Sikiliza, Mwalimu. Kama huna dawa, hama na wanao. Nyumba hii tutampa mwenye nayo."

Nguchiro aligeuka kuwatazama wanawe. Walikuwa wamelala, hata macho hayajafunguka. Habari za jasho alikwisha kuwaeleza wazazi hawa mpaka koo likakauka, nao walimsikiliza kama wanavyosikiliza mbu. Akashusha pumzi, akashusha na sauti.

"Dawa ninayo. Niliificha kwa kuwa ina miiko mikali."

Masikio yote yakasimama. Jasho hawakulitaka, lakini miiko, loo, waliipenda.

"Kila mtoto atavaa hirizi," alisema Nguchiro. "Rungu lake atalibeba mwenyewe. Mzazi akiligusa, dawa inakufa. Mtoto akiudondosha mpira, atasema 'nimekosa mimi', kisha aufuate. Akisingizia jua, upepo au mwenzake, dawa inakufa. Na kila asubuhi atautupa mpira kwenye shina la mgunga mpaka mkono uombe msamaha."

"Na sisi wazazi?"

"Mtakaa pembeni, kimya. Hakuna kinachoitia hofu dawa hii kama kelele za mzazi."

"Itafanya kazi lini?"

"Kiangazi kijacho mtafungwa, maana itakuwa bado inatafuta njia mwilini. Kiangazi kitakachofuata, mtaona."

Kifaru alikunja uso, lakini Bi Kiboko akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Hiyo ndiyo dawa ya kweli, Baba Dafrau. Za uongo hufanya kazi siku hiyohiyo."

Basi watoto wakavalishwa hirizi, na asubuhi zikawa ta, ta, ta, mpira kwenye mgunga. Mwanzoni Dafrau alikuwa akipiga hewa na kuanguka, pu, kama gunia. Mashavu alilia. Wakainuka, wakarudia. Kiangazi kikafika, wakafungwa, na Kifaru akazunguka bonde zima akijigamba: "Mmeona? Tumefungwa kama tulivyoahidiwa!"

Nguchiro alimeza kicheko, akaendelea kufundisha.

Kiangazi cha pili, nyani wakaja wakitafuna ubuyu kwa madaha. Mchezo ukawa mkali. Dafrau aliudondosha mpira mmoja, akainua mguu mbele ya watu wote. "Nimekosa mimi." Nyani wakacheka. Yeye akaufuata, akautupa kwa Mashavu, na nyani aliyekuwa akikimbia akatolewa kabla kicheko chake hakijaisha.

Mwishoni nyani waliongoza kwa mzunguko mmoja tu. Mashavu alikuwa amesimama kwenye kichuguu cha tatu, anasubiri kurudi. Zamu ya kupiga ikawa ya Dafrau. Akanyoosha shingo kujiandaa, na uzi wa hirizi ukakatika. Hirizi ikaanguka, ikapasuka.

Yakamwagika maganda ya karanga.

Kifaru akaingia katikati ya uwanja. "Simamisheni mchezo. Tumetapeliwa. Mwalimu, dawa gani hii?"

Nguchiro aliiona nyumba yake ikienda. Zaidi ya hapo alishangaa, kwa maana yeye alizitia karanga nzima.

"Baba, mwache Mwalimu," alisema Dafrau. "Niliifungua wiki ileile aliyonivalisha. Nikazila karanga, nikarudisha maganda."

"Ulijua kuwa si dawa?"

"Nilijua."

"Na ukaendelea kuamka alfajiri zote hizo?"

"Nilianza kuupata mpira, Baba. Mara moja moja, halafu mara nyingi. Ningekuambia, ungenirudisha kitandani ukaenda kutafuta mganga mwingine. Sasa naomba utoke uwanjani. Ni zamu yangu."

Kifaru akatoka kinyumenyume.

Mpira wa kwanza ukampita. Wa pili ukapinda, ukampita pia. Hakulitazama jua wala baba yake. Wa tatu ukaja.

Ko!

Mpira ukapaa juu ya migunga. Mashavu akarudi, na nyuma yake Dafrau, vumbi na kwato, akapita cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, mpaka nyumbani. Bonde likalipuka kwa vigelegele na ngoma.

Kifaru alimwendea Nguchiro, akakohoa, akatazama kando. "Baki, Mwalimu," alisema.

Nguchiro alikuwa akimtazama Dafrau, aliyezikwepa ngoma zote, akaenda kwa binti nyani aliyekuwa akimtupia mpira. "Dada, ule wa pili ulipinda. Uliushikaje? Nionyeshe." Wakainamia mpira, vichwa viwili pamoja. Kifua kidogo cha Nguchiro kikafura hadi manyoya yakasimama. Huyo alikuwa mwanafunzi wake.

Nimeutua mzigo wangu hapa, anayetaka na aubebe: mwili mtu hupewa, ustadi huutolea jasho mwenyewe.